Mdogo wangu askari alimvunja mkono kijana wa bodaboda mbele ya meza yangu. Niseme nilichoona?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mahamri na mbaazi asubuhi, jioni viazi vya karai, kando ya barabara katika mji mdogo huku Pwani ya Kenya. Nakuandikia wewe kwa sababu kila mtu ninayeweza kumwambia amo ndani ya jambo lenyewe.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, ni konstebo wa polisi. Baba alipofariki, yeye alikuwa darasa la tano. Karo yake imetoka kwenye karai hili hili ninalokaangia leo. Siku aliporudi kutoka mafunzoni na magwanda yake, mama alilia kwa furaha na mtaa ukaja kula pilau. Mwaka jana akahamishiwa mji huu nilikoolewa, nikaona Mungu amenijibu, kwani sasa ndugu yangu yuko karibu. Kila Ijumaa anakuja kula kwangu.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne, kama saa moja asubuhi, yeye na mwenzake walisimama karibu na meza yangu wakikagua bodaboda. Mwenyewe alikuwa ameshanieleza kwamba mkubwa wao amewaambia "wawanyooshe" watu wa bodaboda. Akatokea kijana wa miaka 20 hivi, mtoto wa jirani yangu, amepakia wanafunzi wawili, hana kofia yeye wala abiria wake. Mdogo wangu akamsimamisha na kuchomoa ufunguo wa pikipiki. Wanafunzi wakashuka, wakaenda zao kwa miguu. Wakaanza kubishana. Yule kijana akataka kuupokonya ufunguo, akashindwa, akamsukuma mdogo wangu kifuani kwa mikono miwili. Akaangukia meza yangu, sufuria ya mbaazi ikapinduka. Kijana akatimua mbio.

Hakufika mbali. Yule askari wa pili alimkata njia penye mwarobaini akamshika ukosi.

Hapo ndipo panaponinyima usingizi, Shangazi. Kijana alikaa chini. Sikuhadithiwa, hazikuwa hata hatua kumi kutoka niliposimama. Alikaa mchangani, akaweka mikono kichwani, akawa anasema, "Afande nisamehe, afande nisamehe." Mdogo wangu akaja mbio. Ufunguo wa pikipiki alikuwa bado ameushika mkono wa kushoto, naukumbuka kwa sababu ulikuwa na kamba nyekundu inaning'inia. Mkono wa kulia rungu. La kwanza lilitua begani. La pili kijana aliinua mkono kujikinga, likatua kwenye kiwiko, na mlio wake niliusikia. Ya baada ya hapo sikutazama, nilifunika uso kwa leso. Mwenzake ndiye aliyesema, "Basi, basi."

Wakamtia garini. Jioni wakamwachilia, hakuna kesi, hakuna karatasi. Mkono umevunjika kwenye kiwiko, umefungwa plasta, na daktari amesema huenda akapasuliwa atiwe chuma. Yeye ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba yao.

Mdogo wangu anasema, "Dada, alinishambulia, akakimbia, akakataa kukamatwa. Sheria inaniruhusu kutumia nguvu." Mama amenipigia simu akaniambia nikitoa ushahidi dhidi ya ndugu yangu, radhi yake nisahau. Mamake yule kijana anakuja kila magharibi, anakaa kwenye benchi langu, hanunui kitu, hanitukani. Ananiomba tu niende IPOA, ile mamlaka huru inayochunguza makosa ya polisi, nikaseme nilichoona. Na vijana wa bodaboda wameshakubaliana kwamba wote watasema mwenzao hakumgusa askari kabisa.

Ninaomba uniambie mawili. Kwa kosa dogo kama lile, askari anaruhusiwa kumpiga mtu? Na mimi nifanye nini?

Dada wa Askari

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu niliisoma nikiwa na kalamu, kwa sababu umeandika kama shahidi: umbali, mkono gani, neno gani lilisemwa. Nilikaa miaka mingi karani wa mahakama, nikaandika ushahidi wa watu wengi, na wachache waliona vizuri kama ulivyoona wewe. Nakueleza hili mapema kwa sababu linahusu jibu la swali lako la pili.

Nianze na mdogo wako, maana asemalo lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo tusimnyime. Watu wengi huamini kwamba kosa likiwa dogo askari haruhusiwi kumgusa mtu. Si hivyo. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 21, inasema mtu akikubali kukamatwa, kwa neno au kwa kitendo, basi amekamatwa, wala hakuna haja ya kumkamata mwilini. Akipinga kwa nguvu au akijaribu kutoroka, askari anaweza kutumia njia zote zinazohitajika kumkamata. Yule kijana alimsukuma askari aliye kazini hadi akaanguka. Hilo lenyewe ni kosa, tena zito kuliko la kofia. Kumfukuza kulikuwa halali. Kumshika ukosi kulikuwa halali. Hata kama angeangushwa chini akatiwa pingu huku akirusha mateke, akachubuka magoti, mimi ningekwambia kijana alijitakia.

Lakini kifungu hicho hicho hakikuishia hapo. Kinamalizia kwa kusema kwamba hakihalalishi nguvu iliyozidi kiasi kilichostahili katika hali ile, au iliyohitajika kumkamata mtu. Na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 ina Jedwali la Sita, ambalo kila konstebo anapaswa kulijua. Linataka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Nguvu huja pale tu njia hizo zinaposhindwa au zinapoonekana wazi kwamba hazitafaa kitu. Na zikija, zipimwe kwa mambo matatu: lengo analotaka kulifikia, uzito wa kosa, na ukinzani wa yule anayekamatwa.

Sasa mweke mdogo wako kwenye mizani hiyo. Lengo lake lilikuwa kumkamata, na alikuwa ameshakamatwa, ameshikwa ukosi na askari mwingine. Uzito wa kosa: kofia na abiria wa ziada, mambo ambayo kwa kawaida huishia kwenye faini, ukiongeza na ule msukumo. Ukinzani: mtu amekaa mchangani, mikono kichwani, anaomba msamaha. Rungu la kwanza lilikuwa linatafuta nini?

Na ule ufunguo wenye kamba nyekundu, mwanangu, usiusahau kuutaja popote utakapokwenda. Pikipiki ilikuwa pale pale, namba zake zinaonekana, ufunguo uko mkononi mwa askari. Hata kama yule kijana angeshinda mbio siku ile, angepatikana kesho yake kabla ya adhuhuri, kwa sababu asingeweza kuishi bila pikipiki yake. Kumwacha mtu akimbie nayo ni kazi ya polisi, pale ambapo kumfukuza kutaleta madhara makubwa kuliko kosa lenyewe. Askari wengi huona aibu kuachwa. Aibu hiyo ndiyo iliyompiga yule kijana. Ndugu yako alikuwa ameangushwa mbele za watu, mbaazi zimemwagika, waliopo wanacheka au alidhani wanacheka. Namwelewa kabisa. Nimewaona askari vijana kizimbani, wengi si wakatili kwa maumbile, walishikwa na hasira ya dakika moja na mkononi wana rungu la serikali.

Wapo watakaokwambia kosa dogo halistahili nguvu hata chembe. Wao nao wakumbuke kwamba kosa dogo linaweza kuzaa hatari kubwa kwa ghafla. Mlevi anayepiga kelele usiku ni kosa dogo, akivunja chupa na kuielekeza kwa mtu tayari ni jambo jingine. Mtu wa bodaboda asiye na kofia akiamua kumwendea askari kwa pikipiki ili amgonge, askari ana haki ya kujilinda. Katika mifano hiyo nguvu zinajibu hatari, wala haziadhibu kosa. Hatari ikiisha, nguvu nazo zinaisha. Kwako ziliendelea baada ya hatari kuisha, na kila pigo la baada ya hapo lilikuwa adhabu. Adhabu hutolewa na hakimu, na hata hakimu wa Kenya hana mamlaka ya kumhukumu mtu apigwe.

Katiba ya 2010, ibara ya 49, inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6. Yaani wananchi tuliopiga kura tulisema kosa la namna hiyo halitoshi hata kumweka mtu ndani akisubiri kesi. Litatoshaje kumvunja mkono?

Hilo neno "wawanyooshe" nalo limenikera sana. Jedwali la Sita linasema wazi kwamba kutii amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu isivyo halali. Mkubwa akitamka neno lisilo na mipaka kama hilo, wa kwanza kushtakiwa ni konstebo aliyeshika rungu. Huyo mkubwa atakuwa ofisini akisema hakumaanisha hivyo. Mwambie mdogo wako hivyo kwa upendo, maana sidhani kazini kwake kuna atakayemwambia.

Sisi wa Pwani tunajua kinachofuata nguvu zinapoachiwa juu ya makosa madogo. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, watu waliokuwa wakikimbilia kivuko cha Likoni wawahi kufika nyumbani walipigwa na kurushiwa vitoa machozi, saa ya kafyu ikiwa bado haijafika. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ikaamua kwamba kafyu yenyewe ilikuwa halali, lakini nguvu zilizopita kiasi walizotumia polisi kuitekeleza zilivunja Katiba. Angalia jinsi mahakama ilivyotenganisha amri na rungu. Kisha Agosti 2021 ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, walikamatwa kwa kuvunja kafyu, wakafia mikononi mwa polisi, na askari 6 wakashtakiwa kwa mauaji. Kosa walilokamatiwa lilikuwa kuchelewa kurudi nyumbani.

Nije kwako.

Ushahidi wako una nusu mbili, na hakuna mwingine mwenye zote mbili. Vijana wa bodaboda watasema mwenzao hakumgusa askari. Upande wa polisi huenda ukasema alipambana hadi mwisho. Wewe ndiye uliyeona msukumo na ukaona mikono kichwani. Ukinyamaza, mchunguzi atabaki na hadithi mbili za uongo achague moja. Na ikichaguliwa ile ya bodaboda, mdogo wako ataonekana mtu aliyemshambulia mtoto wa watu bila sababu yoyote. Umekuwa ukifikiri ushahidi wako utamwangamiza, kumbe wewe ndiye pekee mwenye kusema kwamba alisukumwa kwanza. Mahakama hulipima hilo.

Sitakuficha gharama yake. Kumjeruhi mtu kwa kumshambulia, chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, ni kifungo cha hadi miaka 5. Jeraha likihesabiwa kuwa baya sana, kifungu cha 234 kinafika kifungo cha maisha, ijapokuwa kiwango hicho ni cha juu kabisa na hakimu huangalia mengi. Ndiyo maana fomu ya P3 ni muhimu, humo ndimo daktari anapoandika kiwango cha jeraha. Sheria ya ushahidi ina kanuni ya pekee kwa mume na mke, lakini kwa dada na kaka hakuna. Ukiitwa mahakamani utakwenda. Ni heri uende kwa hiari, maneno yakiwa bado mabichi, kuliko kuburutwa na hati ya kuitwa baada ya miaka miwili.

Mama yako. Radhi ya mama ni kitu kizito, na sitakwambia uipuuze. Kama nyumba yenu ni ya Kiislamu, nenda kwake ana kwa ana, si kwa simu, na uende na mtu anayemheshimu, kama mjomba au imamu wa mtaa. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inawataka waumini wasimamie uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hata kama ni juu ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Na kama nyumba yenu ni ya Kikristo, amri ya kutoshuhudia uongo anaijua tangu utotoni. Usimsomee kama unamshinda. Mkumbushe pia yule mwanamke anayekaa kwenye benchi lako kila magharibi. Yeye naye ana mtoto wake, na hajakuomba uongo.

Mdogo wako mwambie kabla hujakwenda. Usimwombe ruhusa, wala msipange maneno pamoja, kwa kuwa hilo litawatia nyote wawili mashakani. Mwambie tu kwamba utasema yote, na msukumo ukiwamo. Kisha mwambie atafute wakili, ni haki yake kama ya mtu mwingine yeyote. Na muulize kama aliripoti. Jedwali la Sita linamtaka askari aliyetumia nguvu amweleze mkubwa wake mara moja, na jeraha likiwa baya mkubwa huyo anatakiwa aijulishe IPOA. Linataka pia majeruhi apewe matibabu papo hapo na jamaa zake waarifiwe, na kutompa matibabu hayo bila sababu ya maana ni kosa la jinai. Umesema walimkamata saa moja asubuhi wakamwachilia jioni. Kama mkono ule ulikaa kutwa bila daktari, hilo ni jambo la pili linalojitegemea, na huenda linawahusu wengine kituoni kuliko ndugu yako.

Kwa upande wa jirani yako, msaidie haya. Kijana aandikishe tukio kituoni apewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na P3 ijazwe na daktari. Kituo kikikataa, waende kituo kingine au moja kwa moja ofisi ya IPOA iliyoko Mombasa. Kupeleka malalamiko hakulipiwi. Wahifadhi picha ya eksirei, karatasi za hospitali na shati alilovaa siku ile, wasilifue. IPOA ikimaliza uchunguzi na kuona kuna kosa, hupeleka jalada kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye ndiye huamua kama kuna kesi. Huchukua muda mrefu, lakini si kazi bure. Msichana wa miaka 14 aliuawa kwa risasi nyumbani kwao Kinango, Kwale, Agosti 2014. IPOA ikachunguza, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawatia hatiani askari wawili kwa kuua bila kukusudia.

Wale vijana wa bodaboda waonye kupitia kwa jirani yako. Uongo wao utavunjwa kwa swali moja la wakili: sufuria ya mbaazi ya mama wa mahamri ilipinduliwa na nani? Wakishashikwa kwenye hilo, hata ya kweli watakayosema kuhusu rungu hayatasadikiwa.

Wazee wakija na suluhu, sikilizeni. Gharama za upasuaji na chakula cha nyumba ile mdogo wako anaweza kuanza kusaidia leo, na ningependa aanze. Ila fedha zisitolewe kwa sharti kwamba watu wanyamaze.

Kuhusu hofu ya meza yako, waeleze wachunguzi siku ya kwanza kwamba wewe ni ndugu wa askari na unafanya biashara mahali pale, na uombe jina lako wasilitaje wakati wa uchunguzi. Kesi ikifika mahakamani utajulikana, hilo lijue tangu sasa. Akikutisha mtu yeyote, awe na sare au hana, andika siku na saa na uwaarifu. Nchi ina Sheria ya Kulinda Mashahidi tangu 2006.

Leo usiku, watoto wakilala, chukua daftari. Andika tarehe, saa, nani alisimama wapi, neno kwa neno kama ulivyoniandikia. Ulipofunika uso kwa leso, andika kwamba ulifunika uso, usikisie mapigo usiyoyaona. Tia sahihi uweke mahali salama.

Na Ijumaa akija, mpakulie kama kawaida. Muache ale kwanza. Kisha mwambie siku utakayopanda matatu kwenda Mombasa.

Shangazi